Tuliotembea Tumeinama

Bloemfontein
9 Februari 2004

Mama Mkubwa mpendwa,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha Baba Mkubwa Seabata na goti lake, kisha yule farasi jike mweupe mliyesema atazaa kabla ya mavuno. Mimi nimefika salama. Joto la huku halina adabu, linamfuata mtu mpaka chini ya shuka. Natamani upepo wa kwetu unipige shingoni hata mara moja.

Nimepokelewa kwenye nyumba ya kanisa, nyuma ya hospitali, wanakokaa wanawake waliotoka mbali kabla na baada ya kupasuliwa. Chumbani tuko watatu. Yupo Sanna Plaatjies wa Kimberley, mpishi wa shule, mnene, mdomo hauna breki. Siku niliyofika alinitazama toka juu mpaka chini akasema, "Dada, wewe na kitumbo hicho watapata wapi nyama? Mimi hapa wanaweza kushona matatu na la akiba likabaki." Nilicheka mpaka nikajishika kovu. Wa pili ni Mathuso, mjane, na huwezi kuamini anakotoka: Ha Motsoane, ng'ambo ya mto wenu. Anasema moshi wa kijiji chetu anauona akiwa mlangoni kwake. Niliposikia hivyo nikahisi nusu yangu imeshafika nyumbani.

Najua hupendi nikuandikie jambo lenyewe. Lakini nisipokuambia wewe, nimwambie nani? Watachukua ngozi na mafuta ya tumbo, chini ya kitovu, pamoja na mshipa wake wa damu, waipitishe chini kwa chini mpaka kifuani, pale palipokatwa mwaka juzi. Hapo wataishona iwe titi. Si la plastiki. Ni mwili wangu mwenyewe, umehamishwa tu.

Siku ninaondoka uliniambia kilichotoka kimetoka, na kwamba mwanamke mwenye miaka thelathini na sita anayeng'ang'ania titi anatafuta maneno ya watu. Sikukujibu kwa sababu basi lilikuwa linapiga honi. Nakujibu sasa. Sifanyi hivi kwa ajili ya mwanamume yeyote. Niliporudi nyumbani na bandeji zangu, ulikuwa ukiniletea maji ya kuoga unatazama ukutani. Wewe, uliyenisugua mgongo tangu nina miaka mitano! Unaweka beseni, unatoka. Nataka siku moja uingie, ubaki.

Basi, nimesema. Wananipasua katikati ya Machi. Niombee. Kama hilo huwezi kuniombea, niombee tu nisipate homa.

Mwanao,
Keneuoe


Ha Letuka, Qacha's Nek
4 Machi 2004

Keneuoe mwanangu,

Barua yako ilikaa zahanati kwa nesi kwa sababu mto ulijaa na hakuna aliyevuka. Sisi hatujambo. Farasi amezaa jike, jeusi tii, na watu wameanza kuuliza baba ni nani. Mahindi ya upande wa juu yamepigwa na mvua ya mawe. Baba Mkubwa wako anasema goti limepona, halafu akisimama anashika ukuta.

Kuhusu jambo lako sina neno. Wewe ni mtu mzima, una mshahara wako, na madaktari wamesoma. Habari za beseni sizikumbuki. Siku zile nilikuwa na kazi nyingi.

Unakula? Chakula cha hospitali hakina chumvi. Nimempa nesi kifuko cha pichi zilizokaushwa, akienda mjini atakupostia. Usimpe huyo mwanamke wa Kimberley zote.

Huyo Mathuso simjui. Watu wa Ha Motsoane walituibia ng'ombe enzi za baba yangu.

Vaa soksi.

Mama yako mkubwa,
Mapoloko

Nimekuombea yote mawili.


Bloemfontein
30 Machi 2004

Mama Mkubwa,

Shikamoo nyingi, na pole ya mvua ya mawe. Pichi zimefika. Sanna amemaliza nusu ya kifuko na hana aibu. Mathuso anasema ng'ombe wale walikuwa wenu kweli, ila hawakuwa na maziwa, kwa hiyo msiwadai.

Wamenipasua. Nimerudi nyumba ya kanisa, naandika nimeegemea mito, maana siwezi kulala chali wala kunyooka. Ngozi ya tumbo ikishakatwa, iliyobaki inavutwa na kufungwa, kwa hiyo sote tuliopasuliwa tunatembea tumeinama, mkono tumboni, kama watu wanaotafuta sindano iliyoanguka. Asubuhi tukiongozana kwenda jikoni mlinzi hutuuliza, "Mabibi, leo mmepoteza nini?" Sanna humjibu, "Ujana wetu. Ukiuona, tuitie."

Ubavuni tumewekewa mirija inayotoa maji ya damu na kuyapeleka kwenye chupa. Sanna ametushonea vifuko vya kitambaa cha maua, tunazining'iniza chupa zetu shingoni kama mikoba ya kwendea kanisani. Anayeweza kusimama anammwagia asiyeweza. Mikono haiinuki, kwa hiyo hakuna anayeweza kujiosha nywele. Aliyepasuliwa mapema anamwosha aliyepasuliwa baadaye. Mathuso alitutangulia sote, ndiye aliyeniosha mimi. Nilikaa nimelaza kichwa kwenye sinki naye akawa ananimwagia maji kwa jagi, taratibu, kiganja chake kimenikinga paji la uso. Nikaanza kulia. Hakuniuliza kwa nini. Alisema, "Sabuni hii ni kali," akaendelea.

Nimelitazama. Lina joto. Nikiligusa, lenyewe halihisi kidole, lakini kidole kinalihisi joto lake. Pembeni, upande wa chini, pana weusi kidogo. Daktari anasema tusubiri tuone. Usiwe na wasiwasi.

Sasa nina ombi. Mathuso anarudi kwake wiki ijayo. Haruhusiwi kuinua ndoo, wala kufua, wala kusukuma mlango mzito, kwa muda mrefu. Nyumbani yuko na mkamwana, mke wa mwanawe aliyeko migodini, na hawapatani. Hapa tulikuwa wengi tumeinama pamoja, tunachekana. Kule atainama peke yake. Nakuomba uvuke mto ukamwone. Si lazima ufanye kitu. Kaa naye tu.

Mwanao,
Keneuoe


Ha Letuka
25 Aprili 2004

Keneuoe,

Tumshukuru Mungu kwamba u hai. Nilipomsomea Baba Mkubwa wako barua, alivua kofia akatoka nje kwa farasi wake, hakurudi mpaka chai ilipopoa. Unamjua.

Sijaenda. Tumekuwa kwenye mavuno, kisha mzee Lebese akafariki, tukawa huko tunapika siku zote za msiba. Sijakataa. Ila mtu hawezi kuamka tu akaenda kwa watu asiowajua akasema hodi, nimekuja kutazama kifua. Nilimpelekea boga kubwa na unga wa mtama, akabeba mwanamke wa kwao aliyekuja kusaga. Kiroba kikarudi na salamu: "Mwambieni Mapoloko boga ni tamu, lakini halina mikono."

Umewahi kusikia ujeuri kama huo? Mtu unampa boga! Nilikasirika siku nzima. Baba Mkubwa wako alicheka, nikamnyima chai.

Ule weusi ulioandika ni weusi wa namna gani? Ni kama wa jeraha linalopona, au ni wa namna nyingine? Nijibu hilo kwanza, mengine yafuate.

Baridi imeanza. Kuna siku naamka nikidhani umeniita. Nikitoka ni mbuzi tu.

Mama yako mkubwa,
Mapoloko


Bloemfontein
23 Mei 2004

Mama Mkubwa,

Samahani nimechelewa kuandika. Pole ya msiba wa mzee Lebese, alikuwa akinipa pipi nikiwa mdogo.

Sanna ameshatolewa mirija yote. Ananyooka sasa, anatembea kama askari wa gwaride. Wamemruhusu aende kwao lakini hajaenda, anasema Kimberley haikimbii. Majani ya miti ya barabarani yamegeuka manjano, yanaanguka uani, tunayafagia kwa zamu.

Nitakaa huku zaidi kidogo ya nilivyosema. Shule imeniongezea likizo. Homa sina sasa.

Ulimwona Mathuso?

Jana ilipita harufu ya moshi wa samadi ya ng'ombe, sijui ilitoka wapi, hapa mjini kabisa. Nilisimama uani kama mtu aliyeitwa kwa jina, ufagio mkononi, mpaka ikaisha.

Keneuoe


Ha Letuka
15 Juni 2004

Keneuoe mwanangu,

Sote tu wazima. Theluji iko juu milimani, bado haijatushukia. Mwana farasi tumempa jina la Swali, kwa sababu ya baba yake.

Barua yako fupi nimeisoma mara nyingi kuliko zile ndefu. Nilikuuliza habari za weusi, ukanijibu habari za majani. Nikajifunga blanketi, nikamwambia Baba Mkubwa wako atandike farasi, nikavuka.

Mathuso nilimkuta chemchemini. Ameinama kama ulivyosema, ndoo iko nusu, anaisogeza kwa mguu. Anaisukuma kidogo, anapumzika, anaisukuma tena. Nikashuka.

"Wewe ndiye Mathuso?"

"Na wewe ndiye boga?"

Haki ya Mungu, ndivyo alivyosema. Niliichukua ndoo nikajitwisha.

"Mkamwana wako yuko wapi?"

"Ndani. Anasema tumbo nililokubali mwenyewe likatwe si ugonjwa."

Tukaingia. Nikamkuta binti anajisuka. Nikamwambia, "Mama, mimi ni Mapoloko wa Ha Letuka. Nitakuwa nakuja hapa kila Jumatano. Nikikuta mtungi umejaa, nitakusalimu vizuri nirudi kwangu. Nikiukuta mtupu, nitakaa hapa kwako wiki nzima, na mimi hula sana." Tangu siku hiyo mtungi haujawahi kuwa mtupu. Hata salamu zake zimekuwa nzuri.

Mathuso alitaka kuoga, na mkono wake haufiki mgongoni. Nikapasha maji. Akavua blanketi, akavua blauzi, akakaa kwenye kigoda. Nami nikageukia ukuta, Keneuoe. Usidhani kweli sikukumbuka habari za beseni.

Akasema, "Ukuta huo nimeupaka mwenyewe, hauna jipya. Geuka."

Nikageuka. Nilidhani nitaona kitu cha kutisha. Ni titi. Limeshonwa kama mto uliochanika, halina chuchu, limekaa juu kidogo kuliko mwenzake. Chini tumboni mshono unatoka nyonga hadi nyonga. Nilimsugua mgongo, nikazunguka mbele nikamsugua na huko. Maji yalipopoa nikapasha mengine.

Sasa nikuambie ambalo sijawahi kukuambia. Mama yako Lineo alipougua, huku hakukuwa na daktari wa kukata wala wa kushona. Titi lilipasuka lenyewe. Nilimwosha mimi, mdogo wangu, kwa maji ya chumvi, miezi. Naye kila nikimwosha alikuwa ananitazama usoni aone kama nitakunja uso. Sikukunja. Nilijikaza nikawa kama jiwe. Siku ya mwisho uso ulinikunjika wenyewe, naye akaona. Jioni hiyo akafa. Kwa hiyo wewe uliporudi na bandeji zako, nilijua nikitazama uso utafanya vilevile, na wewe utaona. Ukuta ulikuwa kwa ajili hiyo. Mwili wako sijawahi kuuchukia hata siku moja.

Mathuso alipomaliza kuvaa akasema kuna salamu za Sanna, zimefika kwa simu ya zahanati siku yeye Mathuso alipokwenda kusafishwa kidonda, na zinamkosesha raha. Nikamwambia, "Usiniambie. Atasema mwenyewe." Kwa hiyo sijui kitu. Lakini nimemwona Mathuso uso wake.

Andika, mwanangu. Uso wangu uko mbali, huuoni. Andika utakavyo.

Mama yako mkubwa,
Mapoloko


Bloemfontein
8 Julai 2004

Mama Mkubwa,

Nakusalimu, na namsalimu Swali, na Mathuso ukimwona Jumatano.

Lilikufa.

Weusi ule ulikuwa unapanda. Aprili yote walikuwa wanakata kidogo, wanasema labda hapa ndipo unapoishia, halafu kesho umepita. Ikaanza harufu. Nilikuwa najipaka manukato ya Sanna kabla ya kuingia jikoni, na wenzangu wote wakajifanya wanayapenda. Mei nikapata homa kali, wakaniingiza tena chumba cha upasuaji, na nilipoamka nikapeleka mkono, palikuwa bapa. Damu haikufika, basi. Hakuna aliyekosea. Kifua kilichochomwa mionzi huwa hivyo mara nyingine, na walinionya kabla sijatia sahihi. Daktari, msichana mdogo kuliko mimi, alikaa ukingoni mwa kitanda changu akalia, ikabidi mimi ndiye nimbembeleze.

Kwa hiyo nina kovu juu ya kovu kifuani, na kovu lingine tumboni, na titi sina. Nilitoa tumbo langu nikarudi mikono mitupu.

Nikuambie na habari ya Sanna. Yeye alipasuliwa siku moja na mimi, na lake limekubali. Tangu nitoke wodini akawa anavaa gauni lililofungwa mpaka shingoni, anabadilisha nguo chooni. Mizaha ikakatika. Nyumba nzima ikawa inanong'ona kama mimi ni maiti iliyolazwa sebuleni. Ilinichosha kuliko kidonda. Siku moja nikamfuata, nikagonga mlango wa choo.

"Sanna, fungua."

"Nina haja."

"Huna haja, unavaa. Fungua."

Akafungua, amejifunga taulo mpaka kidevuni.

"Nionyeshe."

"Keneuoe, usinifanyie hivi, nakuomba."

"Nilikushika kichwa ulipokuwa unatapika dawa za maumivu. Chupa zako nilizimwaga mimi. Na mimi nina haki nalo. Nionyeshe."

Akaishusha taulo. Ni zuri, Mama Mkubwa. Limejaa, limetulia. Nikamwambia ni zuri, huku nalia, naye analia, wanawake wawili wazima chooni na bomba linavuja. Akasema, "Ukijaribu mara ya pili likakubali, nitakuja toka Kimberley kwa miguu." Nikamwambia, "Utafika umekonda." Akafikiri. "Basi nitapanda treni." Tangu hapo amerudi kutukana watu kama zamani, na nyumba inapumua.

Wanasema baada ya mwaka naweza kujaribu tena, safari hii wachukue nyama ya mgongoni. Sijui. Kuna siku nataka hata kesho. Kuna siku nataka mkono wa daktari usinifikie tena maishani. Ninachokitaka bila kubadilika ni kuja nyumbani, na hicho ndicho wanachonikataza, kwa sababu mshono wa tumbo umeachia upande mmoja na lazima usafishwe kila siku.

Asante kwa kunipa mama. Mimi nilibakiwa na sauti yake tu, tena bila maneno. Alikuwa akisema nini ulipokuwa ukimwosha?

Nilitaka uingie, ubaki, uone kitu kizuri. Sasa ningekuonyesha nini?

Mwanao,
Keneuoe


Ha Letuka
28 Julai 2004

Keneuoe mwanangu,

Theluji imetufunga. Nesi anajaribu kutoka leo kwa farasi, nimempa hii aifiche kifuani isilowe. Tuna kuni, tuna unga, mbuzi wawili wamekufa kwa baridi.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa, kisha nimesimama, kisha nimekaa. Sitaandika pole hapa. Neno lenyewe ni dogo.

Mama yako nikimwosha alikuwa akisengenya. Kijiji kizima alikimaliza pale kwenye beseni. Mke wa chifu alimwita gunia lililovaa shanga. Baba Mkubwa wako, wakati ule bado ananichumbia, alisema anatembea kama meza. Tulicheka mpaka majirani wakadhani amepona. Wewe ulikuwa chini ya meza unakula makombo, nawe ulicheka bila kujua kwa nini.

Mathuso ananyooka. Jumatano iliyopita alikuja yeye kwangu, kabla ya theluji, akaja na mwanamke wa bondeni aliyekatwa mwaka jana na hajawahi kumwambia mtu. Anajaza soksi kwenye sidiria. Walikaa jikoni kwangu wakafunguana, wakatazamana, Mathuso akatoa maelezo kama fundi. Baba Mkubwa wako nilimtoa nje, akashinda na Swali.

Umeuliza ungenionyesha nini. Hilo ni swali la kipumbavu na sitalijibu kwa barua.

Hiyo nyumba ya kanisa uliyosema iko nyuma ya hospitali, ni nyuma upande wa lango kubwa au upande mwingine? Mlango wake una rangi gani? Nauliza tu. Na pasi yangu ya kuvukia mpaka nimeiona, haijaisha muda. Nilikuwa natafuta kitu kingine.

Kula.

Mapoloko


Bloemfontein
2 Septemba 2004

Mama Mkubwa wangu,

Natumaini umefika, na kwamba Baba Mkubwa alikuwa anakungoja kituoni na farasi wa pili. Najua siku zote hizo ameishi kwa chai na mkate. Mpe pole, mwambie ilikuwa kwa ajili yangu.

Nyumba imekuwa kubwa mno tangu uondoke. Sanna bado anasimulia jinsi alivyofungua mlango akakukuta umejifunika blanketi mpaka masikioni, akaniita, "Keneuoe, njoo! Kuna chifu hapa anakutafuta!" Amejaribu kufunga kitambaa kichwani kama wewe. Anafanana na sufuria iliyofunikwa vibaya.

Umegundua hatukuongea sana? Tumejaza karatasi zote hizi, halafu ulipofika ukauliza tu maji ya moto yako wapi. Kuna jambo sikulisema pale bafuni, nalisema sasa kwa sababu na mimi barua zimenizoesha. Uso wako ulikunjika, Mama Mkubwa. Nilivua, ukatazama, uso ukakunjika wote, mdomo ukatetemeka. Nilikuona. Na wewe ulijua nimekuona. Lakini hukugeuka. Uliendelea kusugua, machozi yanadondoka kwenye maji, ukaanza kumsengenya konda wa basi lililokuleta. Nataka ujue hivi: ulikunja uso, nikauona, na kulipokucha nilikuwa hai, nina njaa, nataka uji.

Basi lako lilipoondoka nilitaka kulikimbilia kama mtoto. Siwezi kukimbia bado. Nilisimama nikilifuata kwa macho mpaka likakata kona, na hata lilipokata kona sikuondoka. Mwili mzima uliniwasha kwa hamu ya kwenda. Mshono ukishafunga, hata theluji iwe kiunoni, nakuja.

Daktari ameniuliza tena habari za mgongo. Nimemwambia aniulize mwakani.

Jana tumeletewa mgeni, mwalimu kama mimi, anatoka Botshabelo, anaitwa Moroesi. Atapasuliwa Jumatatu. Alikaa kwenye kitanda kilichokuwa cha Mathuso, viatu miguuni, sanduku hajalifungua, kama mtu anayengoja gari. Sanna akamtupia mizaha yake yote, hata ile ya la akiba. Hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, ninavyotembea, mkono ninapouweka. Mwishoni akauliza polepole, "Dada, na lako lilikubali?"

Sanna, nyuma yake, alikuwa ananifanyia ishara kwa mikono yote miwili niseme uongo wowote ule.

"Langu halikukubali," nikamwambia. "La Sanna limekubali. La mwanamke aliyelala kitanda hicho kabla yako limekubali, na sasa anapanda milima. Langu lilikufa. Unaweza kuona la Sanna, na unaweza kuona na mimi palivyo. Ukitaka."

Alitazama dirishani. Kisha akainama, akafungua kamba za viatu vyake kimoja baada ya kingine, akapandisha miguu kitandani, na akasogea ukutani ili nipate pa kukaa.

Mwanao,
Keneuoe